Mama Nani: Miaka Yangu na Watoto wa Mpira wa Yai

Mmeniomba niandike, ninyi mnaoishika kazi hii baada yangu, na kalamu sikuizoea. Darasa la nne ndilo mwisho wangu, huko Fizi, na hata hilo sikulimaliza, maana mwalimu alikimbia kabla ya wanafunzi. Kwa hiyo msitafute mkato na nukta. Tafuteni maneno, kwa sababu kazi hii yote ni maneno, na maneno ndiyo yaliyoniogopesha miaka yote.

Nianze na kitu ambacho wastaafu hukificha. Kazi hii niliifanya kwa hofu. Siku ya kwanza niliogopa, na siku ya mwisho, mliponikatia keki yenye umbo la basi, niliogopa pia, maana aliyepewa kisu alikuwa mtoto wa miaka saba.

Kwa wasionijua, niliendesha basi la shule hapa Euless, ndege zikipita juu ya kichwa tangu asubuhi. Kabla ya hapo nilibeba maboksi ghalani Fort Worth, na kabla ya hapo nilikuwa kambini Kigoma miaka mingi, huko sikubeba kitu, nilingoja tu. Watoto waliniita Papa Basi. Walimu walidhani ni kwa ajili ya gari. Ni kwa sababu sentensi zangu zote zinaanza na basi.

Basi, mpira wa Kimarekani sijaucheza hata dakika moja. Ukiniuliza sheria zake leo nitakueleza nusu, na nusu iliyobaki hata waamuzi wanaibishania. Sisi tuliotoka huko tuliuita mpira wa yai, kwa umbo lake, na kwa jinsi kijana anavyoupakata kama yai halafu wenzake wanamwangukia kama ukuta. Kazi yangu ilikuwa pembeni ya uwanja. Kuna kijana mkubwa, ana nguvu, vyuo vinamtaka akavichezee na vitamsomesha. Kocha wake anasema Kiingereza cha Texas, ambacho hata Waingereza sijui kama wanakielewa. Mzazi wake anasema Kiswahili. Mimi nilikaa katikati, kwenye kiti cha jikoni, nikitafsiri.

Aliyeniingiza ni Kocha Odell. Alikuwa kocha mkuu wa shule, mzee mweusi wa hapa hapa Texas, mrefu, goti moja bovu, hatembei bila kulitukana hilo goti. Alipanda basi langu siku moja watoto walipokwisha kushuka, akaniuliza kama naweza kwenda naye kwa baba mmoja wa Kikongo. Kijana wa baba huyo alitaka kucheza na kulikuwa na karatasi ya ruhusa. Nikakubali haraka, kama mtu asiyejua anachokubali.

Karatasi ile mnaijua. Inataja mabaya moja moja. Kuvunjika mfupa, ubongo kutikisika, kupooza, na mwisho kabisa, kifo. Kiingereza changu kilikuwa cha barabarani, lakini neno hilo nililifahamu. Nikamtazama yule baba. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga mapajani. Nikaliruka. Nikasema, "na mambo mengine madogo madogo." Baba akatia sahihi.

Mechi ya tatu kijana akavunjika mfupa wa bega. Alipona, msiogope. Lakini baba yake alinifuata mpaka kwenye maegesho ya mabasi, akasimama mbele ya gari langu, akaniuliza kwa upole sana hayo mambo madogo madogo yalikuwa yapi. Afadhali angenipiga.

Kocha Odell hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya basi, akanyoosha goti lake, akaniambia kwamba hata yeye analiogopa neno lile, na ndiyo maana limewekwa mwisho. "Lakini usiliruke, mzee," akasema. "Ukiliruka, siku litakapokuja litakukuta umesimama peke yako."

Tangu siku hiyo nikaapa kusema kila neno kama lilivyo. Na kiapo hicho ndicho kilichonipeleka kwenye kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Nitafika. Acheni kwanza niseme juu ya vifaa, maana nikisahau mtasema mzee alijaza karatasi na hadithi tu.

Kifaa cha kwanza ni futi ya kamba, ile ya fundi nguo. Mpime kijana peku, visigino vimegusa ukuta, na umwangalie miguuni maana wanajaza soksi. Makocha wa vyuo watampima tena, na urefu uliopungua njiani unawafanya wasiamini na alama za darasani. Kifaa cha pili ni daftari. La kwangu lilikuwa na jalada jeusi, na humo niliandika jina, urefu, uzito, na simu ya mzazi anayepokea simu, ambaye si lazima awe yule aliyeandikwa shuleni. Video ya michezo isizidi dakika tatu, na kizuri kikae mwanzoni, kwa sababu makocha wana haraka kama watu wanaoenda msalani. Alama zihesabiwe tangu darasa la tisa. Watoto wetu wengi wakifika huwekwa kwenye masomo ya kujifunzia Kiingereza, na mengine vyuo havikuyahesabu, basi ulizeni mapema, msiulize darasa la kumi na mbili kama nilivyofanya mimi kwa kijana fulani ambaye hadi leo nikimwona dukani nageuza kigari.

Halafu kuna hii ya ofa. Kwetu ofa ni mtu kukununulia soda. Ukipewa, umeshakunywa, imekwisha. Hapa kocha wa chuo akisema amempa kijana ofa ya nafasi, ni maneno tu mpaka siku ya kutia sahihi. Baba mmoja wa Irving, Mkenya, muuguzi, mtu msomi kabisa, alifanya ibada ya shukrani kanisani kwa sababu ya ofa ya mwanawe. Alichinja mbuzi wawili. Mwezi uliofuata kocha yule akahamia chuo kingine, na ofa ikahama naye. Mbuzi hawakurudi.

Sasa nifike kwa Wilondja.

Wilondja alipanda basi langu darasa la nane akiwa mrefu kama mlango, na aliendelea tu kurefuka. Alikaa kiti cha nyuma yangu kwa sababu ya miguu, na magoti yake yalikuwa yakinisukuma mgongoni kila nilipofunga breki. Alikuwa golikipa wa mpira wetu wa kawaida. Kocha Odell alimwona akidaka mpira kwa mkono mmoja, akasahau goti lake, akakimbia. Walimpa kazi ya kusimama mbele na kuzuia watu. Huna haja ya kujua zaidi. Yeye ni ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mtu mwenye yai.

Mama yake aliwalea wawili, yeye na dada yake mdogo Sifa, mwenye miaka tisa. Baba yao alifia kambini. Mama alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege, mikono yake ilinukia sabuni hata Jumapili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye karatasi za shule aliandikwa mama wa Wilondja, nami nikamwita Mama Wilondja miaka yote minne. Hakunisahihisha hata mara moja.

Darasa la kumi na mbili, mwezi wa kumi na mbili, chuo kimoja cha mbali upande wa magharibi kikamtaka. Kocha wao alisema atakuja nyumbani Alhamisi kuonana na mama, na wiki itakayofuata ndiyo ya sahihi. Kocha Odell akanituma nikamwandae mama.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa anasonga ugali. Chuo kilikuwa kimeomba urefu upya, basi nikamsimamisha Wilondja kwenye ukuta wa jikoni, nikampima, nikaandika kwenye daftari langu jeusi. Futi sita na inchi tano. Halafu nikaanza kueleza.

Mnajua Wamarekani wanasema rikruti, chuo kumtafuta mchezaji na kumvuta kwao. Wiki nzima nilikuwa nimelitafutia Kiswahili chake nikiendesha. Sikutaka kuruka wala kuzunguka. Nikaona lililo karibu zaidi ni kuandikisha. Nikalibeba mpaka pale, nikalitoa kwa fahari.

"Mama Wilondja," nikasema, "Alhamisi watu wanakuja kumwandikisha mtoto. Wanachagua vijana wenye nguvu tu, na huyu wamemchagua."

Hakugeuka. Mwiko ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Wanakuja wangapi?"

"Wawili wa chuo. Na Kocha Odell na mimi."

"Na gari?"

"Kubwa. Jeusi. Gari zuri, mama."

"Wanaondoka naye siku hiyo hiyo?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Hapana, mama. Siku hiyo wanamwandika tu. Kumchukua ni baadaye, mwezi wa sita."

"Nimesikia, papa," akasema. Akanipakulia. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena. Nakumbuka ile sahani ya pili kuliko mambo mengi ya maisha yangu.

Jumatatu asubuhi kiti cha nyuma yangu kilikuwa kitupu. Nikafunga breki kwenye taa na mgongo wangu ukangoja magoti yasiyokuja. Nikasema atakuwa mgonjwa. Jumanne, kitupu tena. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia mama kazini, mashine zikiunguruma nyuma yake.

"Amesafiri."

"Kaenda wapi, mama?"

"Amesafiri, papa." Simu ikakatwa.

Nikaogopa. Nilifikiria polisi. Nilifikiria ajali, nikafikiria amejiunga na vijana wabaya, nikafikiria kitu kingine ambacho sitakiandika. Kocha Odell alikuja kwenye maegesho akaniambia chuo kimebakiwa na nafasi moja ya kazi ya Wilondja, na kuna kijana mwingine wanayemwangalia, na yule kocha hatarudi Euless mara ya pili. Alhamisi ni Alhamisi. Akaniuliza nilimwambia nini yule mama. Nikasema nilimwambia kila kitu. Na ilikuwa kweli.

Mchana ule nikiwarudisha wadogo, Sifa akawa wa mwisho kushuka. Nikamwuliza kaka yake yuko wapi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba yeye ameambiwa kabisa asimwambie mtu yeyote kuwa Wilondja yuko Houston kwa mama mdogo. Halafu akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwambia sikusikia, injini inapiga kelele. Akashuka kwa furaha.

Shemasi wa kanisa letu alijua mama mdogo anapokaa. Jumatano nikaomba ruhusa, nikaondoka alfajiri. Houston ni mwendo wa saa nne kama malori yatakuonea huruma, na siku hiyo hayakunionea. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kijana, apande gari, tuwahi. Nilishapanga hata mahali pa kusimama kula.

Mama mdogo alikaa kusini magharibi mwa jiji, ghorofa ya pili, apatimenti zenye ngazi za nje. Alifungua mlango kwa upana wa kiganja, mnyororo umefungwa. Nikamsalimu. Nikamwambia namtafuta mtoto wa Mama Wilondja.

"Hapa hakuna Mama Wilondja," akasema. "Na mimi simjui."

"Dada yako, mama. Anayekaa Euless."

Akanitazama kwa jicho moja, hilo lililoonekana. "Dada yangu ni Mama Asukulu."

Ninyi wengine mlizaliwa huku, basi niwaeleze. Kwetu mwanamke akizaa, jina lake linaondoka. Anaitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza, na wa kwanza akifa bado anaitwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe mke wangu haitwi kwa jina alilobatizwa. Nalijua jambo hili kuliko ninavyoijua njia ya nyumbani kwangu. Miaka minne nilikula jikoni kwa mwanamke yule nikimwita kwa mtoto wa pili, kwa sababu karatasi ya shule ilisema hivyo, na sikuwahi kuuliza wa kwanza ni nani.

Nikauliza pale mlangoni.

Akafungua mnyororo, lakini hakuniambia niingie. Alinieleza tumesimama. Asukulu alikuwa na miaka kumi na sita. Walikuwa wakiishi milimani juu ya ziwa. Wanaume wenye bunduki wakaja mchana, watatu, wakasema wanaandikisha vijana wenye nguvu. Hawakupiga mtu. Walikuwa na adabu. Waliwasimamisha vijana kwenye ukuta wa kanisa, wakawapima kwa mti waliokuwa nao, na aliyefika alama wakaandika jina lake kwenye daftari. Wakasema mwezi wa mavuno watawarudisha. Mama yao akawapikia wale wanaume chakula, wakala, wakaongezwa.

Daftari langu lilikuwa kwapani. Nililisikia kama kitu cha moto. Sikujua niliweke wapi.

Wilondja akatokea nyuma ya mama mdogo, ameinamisha kichwa kwa sababu ya mlango. Aliniangalia kama mtu anayeangalia gari linalompita kituoni. Nilijua anautaka mpira ule kwa moyo wote. Akasema kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili hakukisema ovyo, "Papa Basi, mama akisema nikae, nakaa."

"Haya," mama mdogo akasema, na akasogea kando. "Kama umekuja kumchukua, mchukue. Mimi ni mwanamke tu."

Neno hilo, kuchukua, lilinisimamisha pale pale. Niliona ngazi nyuma yangu, na gari chini, na mtoto huyu akishuka mbele yangu, na mama yake akirudi kutoka kazini kusikia kwamba mwanamume mwenye daftari amefika na kuondoka naye. Angecheza, ndiyo. Pengine angekuwa mtu mkubwa. Na mimi ningekuwa yule wa nne.

Nikawaaga. Nikarudi peke yangu. Msiniulize juu ya barabara ile, sikuiona. Nilikuwa nahesabu kwamba nimempotezea mtoto nafasi yake mara mbili, mara ya kwanza kwa kusema, mara ya pili kwa kurudi mikono mitupu.

Alhamisi asubuhi nilimngoja mama kwenye ngazi ya nyumba yake alipotoka zamu. Aliponiona alisimama mbali.

"Mama Asukulu," nikasema.

Akakaa kwenye ngazi, pale pale, na mfuko wake wa kazi mapajani.  Ndege zilipita, mbili au tatu. Nikamwambia nimetoka Houston na mtoto nimemwacha huko. Nikamwambia neno nililotumia, na jinsi nilivyolitafuta, na kwamba lilikuwa kosa langu na si lake. Nikampa daftari, nikamwambia alichome akitaka.

Akalifungua. Hakujua kusoma, lakini aliupata ukurasa wa mwanawe, sijui kwa njia gani, labda kwa wino mpya.

"Aje," akasema. "Huyo kocha. Mtoto hatamwona. Aje anione mimi."

Wakaja jioni, jua bado lipo. Kocha wa chuo alikuwa kijana, mpana, ameshika mkoba. Aliona viatu vimepangwa mlangoni akavua vyake bila kuambiwa, na Sifa akaenda kuweka mguu wake ndani ya kimoja, ukapotea. Mwenzake alibaki garini kupokea simu. Kocha Odell akakaa pembeni na goti lake. Mimi nikakaa kwenye kiti changu cha katikati.

"Mwambie mtoto hayupo," mama akasema. "Mwambie nimemficha mimi."

Nikatafsiri. Kocha wa chuo akamtazama Kocha Odell. Odell akatazama sakafu.

"Mwambie ninaye mwingine aliyeandikishwa. Hajarudi."

Nikatafsiri na hilo, pamoja na ukuta wa kanisa na mti wa kupimia. Kiingereza changu kilitosha, kwa bahati mbaya. Kocha wa chuo alikuwa ameshatoa karatasi zake zenye picha za uwanja. Akazirudisha mkobani moja moja, akaufunga, akauweka chini.

"Wale uliowachukua mwaka jana," mama akasema, "wako wapi? Mmoja mmoja."

Kocha akaanza kuwahesabu kwa vidole. Huyu yuko, anasoma. Huyu yuko. Huyu alikumbuka kwao, akarudi nyumbani baada ya miezi miwili. Huyu aliumia goti, hachezi, lakini bado anasoma, hawakumfukuza.

"Nipe mama wa huyo wa goti."

Kocha akapiga simu, akaiweka mezani. Akapokea mwanamke wa mji mdogo huko mashariki ya Texas, televisheni inasikika nyuma. Mama akaniambia nimwulize kama mwanawe akipigiwa simu anapokea. Yule mwanamke akacheka, akasema anapokea akiwa na shida ya kitu. Halafu akasema siku mwanawe alipopasuliwa goti, yeye alifika hospitali jioni, akamkuta huyu kocha amelala kwenye kiti kando ya kitanda, viatu amevua.

Mama akatazama miguu ya kocha, soksi mbili nyeupe kwenye kapeti lake.

"Na akianguka asiinuke?"

 Kocha akasema madaktari wanakimbia mara moja. Akasema wengi wanainuka. Akasema wakati mwingine kijana hainuki, na yeye alishaona mara moja kwa macho yake, alipokuwa akicheza mwenyewe, na hajasahau.

Niliyasikia hayo kwa Kiingereza kwanza. Kwa muda wa pumzi moja, katika nyumba ile, Kiswahili chake kilikuwa kwangu tu. Ningeweza kusema, madaktari wapo, mama, wengi wanainuka, na nikaishia hapo. Kocha Odell alikuwa ananitazama. Nikatafsiri mpaka mwisho.

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. "Huyu nimemsikia," akasema.

Akainuka, akaleta daftari langu, akaufungua ukurasa ule, akaliweka mbele ya kocha pamoja na kalamu.

"Safari ile waliandika jina la mtoto," akasema. "Safari hii waandike majina yao."

Kocha wa chuo akaandika jina lake lote na mahali anapokaa. Kocha Odell akaandika lake, akaongeza na simu ya mkewe, akieleza kwamba yeye simu yake huwa anaipoteza. Halafu mama akanisukumia mimi. Nikaandika, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alingoja mpaka nikamaliza. Akalichukua daftari, akaliweka juu ya kabati pamoja na Biblia, na hajanirudishia. Ndiyo maana ninyi mlikabidhiwa jipya.

Kisha akapiga simu Houston. Hakusema mengi. "Mwambie aoge, arudi."

Hiyo ndiyo kesi yangu moja. Zilikuwepo nyingine, lakini nilizibeba zote kwa njia niliyojifunza kwenye hiyo. Mkiingia nyumba ya mtu, kabla ya futi, kabla ya alama, kabla ya video na chuo na ofa, kaeni chini muulize: mama, wewe ni mama nani? Halafu mnyamaze. Atakayejibu kwa jina lisilo kwenye karatasi zenu, fungeni daftari siku hiyo. Na neno kuandikisha liacheni kabisa. Mimi nilikuja kusema hivi: kuna chuo kinaomba ruhusa yako. Ni maneno mengi kuliko rikruti, lakini mama anabaki ameshika mwiko wake.

Wilondja sasa ni mwaka wa tatu kule magharibi, namba sabini na nne. Mama yake haangalii mechi. Jumamosi anafua mashuka, na hata akiwa nyumbani haangalii. Ninaangalia mimi. Nimestaafu, nina kiti kizuri na televisheni kubwa kuliko dirisha, na sifurahii hata dakika moja. Mpira ukienda upande huu au ule sijui. Natazama namba sabini na nne tu. Kila wakianguka, nahesabu kimya mpaka atoke kwenye lile rundo la watu.

Jumamosi iliyopita, kipindi cha tatu, hakutoka. Wenzake waliinuka mmoja mmoja, wakapungua, na chini akabaki yeye, kifudifudi, mkono mmoja umenyooka. Wakaja wale wa kukimbia na mikoba.  Simu ikalia gotini kwangu. Sijui nani humwambia, labda Sifa, labda hakuna.

"Ni Mama Asukulu," akasema, kama kawaida yake, utadhani sijui sauti. "Ameinuka?"

Nililiona tena lile neno dogo, rahisi, lililokuwa mdomoni tayari. "Bado, mama."

 Mashine za kufulia ziliunguruma nyuma yake. Nikamwambia wapo watu wanne wamemzunguka. Nikamwambia kocha amepiga magoti kando yake, yule yule. Nikamwambia mkono umesogea. Nikamwambia amekunja goti. Tukakaa hivyo, yeye kule kwenye mashuka, mimi kwenye kiti changu, tukipumua.

"Ameinuka, mama."

"Anatembea?"

"Anatembea. Wamemshika, lakini anatembea."

"Haya, papa," akasema. "Nimesikia." Akarudi kazini.